Korongo wa Bondeni na Lori la Kesho

Kosmas mwanangu,

Umekwenda Mpui kumuaga baba yako mdogo, na baba yako yuko nyuma ya nyumba anahangaika na kihenge, kwa hiyo nimeachiwa kimya kidogo. Nimekaa mlangoni ambapo mwanga bado upo. Nimechana karatasi za katikati ya daftari lako la jiografia la kidato cha tatu. Usinune, humo hukuwahi kuandika chochote. Nitaandika mpaka nikusikie ukipiga mluzi njiani, kisha nitaisokomeza barua hii ndani ya sweta lako, maana najua baridi ya Julai itakulazimisha ulivae kabla lori halijafika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kuangalia viatu vyako ukilala kwa watu. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunikwepa. Wala sina cha kukufundisha kuhusu watu wa Dar es Salaam. Watakuuliza unatoka wapi, utasema Sumbawanga, nao watasogea pembeni wakuulize kama unajua kutuma radi. Waambie unajua. Watakuheshimu.

Nakuandikia kwa sababu nina hasira. Nimejaribu kuimeza kwa kulima, kwa kusali, kwa kutwanga, imekataa kushuka. Mdomoni kwangu ikitoka itakuwa kelele, wewe utanyanyuka uende zako. Karatasi hainyanyukiwi.

Jumatatu ulinikuta jikoni. "Mama, nimepata kazi," ukasema, na mimi nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikapiga vigelegele kabla hata sijauliza ni kazi gani. Umekaa nyumbani tangu umalize kidato cha nne. Ushirika umekufa, lori lao halipiti tena kuchukua mahindi, na hawa wachuuzi wa Laela wanakuja wanayatazama mahindi yetu wamekunja pua, wanataja bei ya kututukana, wanaondoka. Kila Jumapili nilikuwa nakuombea wewe kazi. Basi nikapiga vigelegele, jirani akaja mbio akidhani kuna mtoto amezaliwa.

"Kazi gani, baba?" nikakuuliza.

"Kwa yule bwana wa ndege. Anataka mtu anayejua wanapolala. Lori likija Jumamosi nawaonyesha hawa wa kwetu, tukishawachukua naondoka naye mpaka Dar. Nitakuwa msimamizi wa kuwalisha."

"Ndege gani?"

"Korongo, mama. Wale wenye taji, wa bondeni."

Nikageukia sufuria. Ukacheka kile kicheko chako cha kumtuliza mtu, ukasema, "Mama naye! Si ndege tu?"

Ndege tu. Haya. Tulia nikueleze hao ndege tu.

Unajua ulikuwa na dada. Unajua kaburi lake, unajua jina lake kwa kuwa tunalitaja kwenye misa ya marehemu. Zaidi ya hapo hujui kitu, sababu sijakuambia, na kwetu mtu hawekwi chini akasimuliwa mambo ya mtoto aliyekufa. Leokadia alikufa kwa surua, mvua zilipokuwa zinaelekea kukatika. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kujifunga khanga mwenyewe, anaifunga inaanguka, anaifunga tena. Wewe ulikuwa unanyonya. Tulimzika asubuhi, jioni nikakuta maziwa yamekauka. Ulilia, nami nikakuangalia ukilia kama mtoto wa watu wengine. Sikuwa nimekuchukia. Sikuwemo tu. Nilikaa kitandani macho wazi, na ndani hamna mtu.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Shangazi yako alisema nimerogwa, akamtaja mpaka mrogaji, ambaye kwa bahati akawa ni yule yule waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa shamba. Mganga akaletwa, akanichanja kifuani, akaondoka na kuku. Zahanati wakanipa vidonge vya usingizi. Nikalala, nikaamka, Leokadia bado amekufa. Wamama wa jumuiya wakaja kusali rozari, na Mungu awabariki kwa hilo, lakini kila mmoja akimaliza kusali ananishika mkono ananiambia Mungu amempenda zaidi. Amempenda zaidi! Kuliko mimi niliyemzaa? Kuna siku nilitaka kumrushia mtu kigoda. Na wote hao, mganga, zahanati, wamama, shangazi yako, walikubaliana jambo moja: nisitoke nje. Eti upepo wa Ufipa utanimaliza.

Nilitoka. Sitaki ufikiri kuna sauti iliniita au niliota ndoto. Nilichoka kusikia watu wakinong'ona jikoni kwangu, basi. Nilikufunga mgongoni, nikapita katikati ya ntumba, yale matuta yetu ya mviringo ya maharage, nikateremka mpaka bondeni, nikakaa kwenye kichuguu kilichobomoka. Sikuwa na nia ya kurudi wala ya kutorudi.

Korongo walikuwa wawili na mtoto wao. Mtoto alikuwa na rangi ya majani makavu, miguu imeuzidi mwili, taji bado halijaota vizuri. Mkubwa mmoja akainua shingo akanitazama. Nataka unielewe hapa, Kosmas, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Wiki nyingi kila jicho lililonigusa lilikuwa na huruma, na huruma ile ilikuwa inanikaba koo. Ndege yule hakunionea huruma. Aliniangalia kujua kama nina hatari. Akaona sina, akarudi kwenye kazi yake ya kukanyaga majani ili panzi watoke. Hakujua nimefiwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikaa mahali ambapo sikuwa mfiwa, nikavuta pumzi mpaka ikafika chini.

Kisha mmoja wao akainamisha kichwa, akafungua mabawa, akaruka juu. Mwenzake naye akaruka. Wakazunguka, wakainama, wakaokota majani wakayarusha hewani. Hakuna ngoma, hakuna harusi, hakuna aliyewaita. Mtoto wao akajaribu naye, akaanguka kifudifudi kwenye matope. Nikasikia mtu anacheka. Nikageuka kumtafuta ni nani huyo asiye na adabu, kumbe ni mimi. Nawe mgongoni ukaanza kucheka, mtoto wa watu, maana ulikuwa hujakisikia kicheko cha mama yako siku nyingi.

Sikupona siku ile, usije ukaniwekea maneno mdomoni. Niliporudi nyumbani nililia mpaka nikatapika. Lakini nilipomaliza kutapika niliona njaa. Nikala ugali wa ulezi, baba yako akasimama mlangoni ananitazama ninavyomega, kisha akatoka nje kwa haraka akajifanya anafunga mbuzi. Kesho yake nikarudi bondeni. Na kesho yake. Nikajua wanapokula asubuhi, nikajua wanapojikinga na upepo wa mchana, nikajua ule mlio wao wa kuitana jioni wakitafuta pa kulala, wamesimama ndani ya maji yenye matete. Taratibu nikaanza kuwa na sababu ya kuamka. Nilikuwa naamka niende nione kama mtoto wao amevuka usiku. Siku moja nilikuwa nimekaa pale, ukanivuta nguo, na maziwa yakaja.

Shangazi yako akatangaza kijiji kizima kwamba wifi yake anaongea na ndege. Ni kweli niliongea nao. Wao peke yao ndio hawakunijibu.

Hao ndio ndege tu. Na kila unachokijua kuhusu korongo, wapi wanalala, saa ngapi wanashuka, kwa nini usiwakaribie kutoka upande wa jua, umekijulia mgongoni kwangu. Yule bwana hakukuchagua kwa cheti chako cha kidato cha nne. Anachokiajiri kwako ni ugonjwa wangu na kupona kwangu. Hilo ndilo linalonitoa machozi ya hasira, mwanangu. Ningekuwa nimekaa ndani kama walivyoniambia, leo usingekuwa na cha kumuuzia.

Sasa nikueleze nilivyomfahamu huyo mwajiri wako, maana unadhani simjui. Jumanne asubuhi nilipokwenda Laela kuuza maharage nililikuta lori lake limeegeshwa karibu na stendi, turubai limefunuliwa nusu. Nilisikia mlio kabla sijaona. Niliujua, moyo ukaruka kwa furaha, nikatazama juu angani kama mjinga. Hawakuwa juu. Walikuwa ndani ya matenga, miguu imekunjwa na kufungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ile miguu! Mguu wa korongo ukiukunja hivyo kutwa nzima ndege hasimami tena. Mmoja alikuwa amesugua kichwa kwenye fito mpaka taji limekatika imebaki ngozi. Watoto wa stendi walikuwa wanawachokoa kwa vijiti. Na yeye amekaa kwenye ubao wa lori anakunywa soda.

"Shikamoo mama," akaniamkia, kwa adabu kabisa, na mimi kwa mazoea nikaitikia marahaba.

"Hawa unawapeleka wapi?"

"Nje, mama. Ulaya, Uarabuni. Matajiri wanawaweka kwenye bustani zao."

"Wanawafanyia nini?"

"Hawawafanyii kitu. Wanawaangalia tu." Akacheka. "Huko watu wana mawazo sana, mama. Kazi, kelele, magari. Mtu akirudi jioni anakaa anamtazama ndege, moyo unatulia. Hata madaktari wao wanawashauri hivyo."

Nilisimama pale na gunia langu tupu mkononi. Kumbe wanajua! Miaka yote hii nimeitwa mwenda wazimu kwa kitu ambacho huko ng'ambo daktari anamwandikia mtu. Nikamwuliza, "Na sisi?"

"Ninyi vipi?"

"Sisi tutatuliza moyo kwa nini, ukishawamaliza?"

Akanitazama kweli kweli, akatafuta kama namtania. Akasema, "Jamani mama. Ninyi huku mna mawazo gani?"

Mna mawazo gani! Nimetembea na neno hilo tangu Laela mpaka hapa mlangoni. Sisi tunaozika watoto kwa surua, tunaolala tunasikiliza panya wakila mahindi yasiyo na mnunuzi, tuliopeleka mgonjwa zahanati tukaambiwa lete na bomba lako la sindano, sisi hatuna mawazo. Moyo wa tajiri ni moyo. Moyo wa mama wa Ufipa ni nini, gunia? Kwamba unaweza kuutupa pembeni ya nyumba ukanyeshewe? Walituambia siku hizi kila kitu ruksa, kila mtu afanye biashara yake. Sawa, biashara na ifanywe, mimi mwenyewe nauza maharage. Lakini hakuna aliyekuja kuniuliza kama na hiki kinauzwa.

Niliuliza mimi. Ulikuwepo kwenye mkutano wa kijiji juzi, ulikuwa umesimama nyuma na washikaji zako, kwa hiyo ulinisikia. Mwenyekiti alisema kibali kimetoka wilayani, na ndege wa porini si mali ya mtu. Nikasimama nikasema kama si mali ya mtu, yule bwana anauza mali ya nani? Watu wakaguna. Nikasema korongo ni faraja ya watu, kuna waliopona kwa kuwatazama. Mwenyekiti akasema, "Mama Kosmas, kama ndege ni dawa basi tufunge zahanati." Wakacheka wote. Nikamwambia zahanati imeshafungwa, hujaona? Ina kufuli na mbuzi wawili barazani. Wakacheka tena, safari hii pamoja nami, nikakaa chini nikidhani nimeshinda. Nilifurahia kicheko chao nikasahau kudai jibu. Mkutano ukafungwa kwa sala, na kibali kikabaki palepale.

Wewe pia ulicheka. Nilikuona.

Baba yako anasema kazi ni kazi. Anasema mtoto akipata mlango wa kutokea tusisimame mlangoni. Nilimwuliza, siku ile uliyoniona nakula ugali, ulifikiri nani ameniponya? Akasema Mungu. Nikamwambia sawa, ni Mungu, na alipita wapi? Akaenda kwenye kihenge, na mpaka sasa yuko huko. Simlaumu sana. Anakupenda, anaogopa utazeeka hapa ukimwagilia bustani ya kabichi.

Wala wewe sikulaumu kutaka kuondoka. Ondoka, baba. Mimi si mama wa kumfungia mtoto kamba mguuni. Nenda ubebe mizigo, nenda uuze mitumba, nenda uwe utingo, nenda uwe chochote. Na huko uendako, siku ambayo dunia itakukalia kifuani, kwa sababu itakukalia, usijifungie chumbani na redio wala usikimbilie pombe. Toka. Tafuta kiumbe kisichojua jina lako, ukae mahali kinapokuona. Hata kunguru. Nasikia Dar wamejaa na ni wezi, basi kaa uwatazame wakiiba. Hukai pale ili wakufundishe lolote. Unakaa ili ukumbuke kwamba dunia ni kubwa kuliko shida yako, na inaendelea na shughuli zake, na una nafasi ndani yake hata ukiwa umevunjika. Hilo ndilo tu ninalolijua, na nimelijua kwa bei mbaya.

Lakini si kwa lori lile. Sikiliza sasa, nimefika kwenye jambo lenyewe.

Unajua kwetu hatuwaamii korongo. Kwelea tunawaamia, shomoro tunawaamia, tumekaa kwenye ulezi tangu utoto tukipiga makelele mpaka sauti zinakauka. Korongo akipita shambani unamwacha apite. Bibi yako alikuwa akiona mtoto anamrushia korongo jiwe anamchapa hapo hapo, hata awe mtoto wa nani. Sijawahi katika maisha yangu kumpigia korongo kelele.

Tangu Jumanne nawafukuza.

Ulidhani nakwenda kukata nyasi za kuezekea. Nilikuwa nakwenda na debe bovu na mti wa kupigia. Nilimwomba Mama Kulwa, yule jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe wanaochungwa upande wa chini, aje na mbwa wake. Alikuja, akanitazama nikipiga debe huku nalia, akasema, "Mama Kosmasi, mimi sielewi. Hawa ndege si ndio unaowapenda?"

"Ndio."

"Sasa mbona unawafukuza?"

"Jumamosi linakuja lori."

Yeye naye alishawahi kufukuzwa mahali, yeye na watoto na ng'ombe, hakuhitaji maelezo marefu. Akavua khanga ya begani akaanza kuipunga na kupiga yowe la kwao, mbwa wakaingia kwenye matete. Mimi niliyewahi kulalamika kwamba Wasukuma wanatumalizia malisho! Wiki hii nzima, katika kijiji chote cha wabatizwa wenzangu, yeye ndiye aliyeingia majini pamoja nami.

Jioni ya kwanza waliruka wakarudi. Jioni ya pili wakarudi. Jana walizunguka juu yetu wakiitana, wakaenda wakatua mbali, na leo asubuhi nilipokwenda nilikuta wameondoka wote isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa amesimama palepale, ng'ambo ya maji, shingo juu. Nikapiga debe. Akanitazama. Nikapiga yowe. Akanitazama tu, akainama akaendelea kukanyaga majani yake. Anafahamu mimi sina hatari. Miaka yote nimekaa pale ili wao wajue hivyo.

Nikaokota bonge la udongo nikamrushia. Likampata kwenye bawa. Mimi, Kosmas, kwa mkono huu unaoandika. Aliruka akatoa ule mlio, akaondoka bila kugeuka, na bonde likabaki maji na upepo. Sijui kama watarudi nikiwa hai. Nilikaa kwenye matope nikalia kama siku ile ya Leokadia, na safari hii hapakuwa na kitu mbele yangu cha kutazama.

Kwa hiyo kesho lori litateremka bondeni na halitakuta hata unyoya. Yule bwana atakugeukia, na utaaibika siku yako ya kwanza ya kazi mbele ya watu. Pengine atakuacha hapo hapo. Nimefanya kwa kusudi, sikuteleza, na kama unataka kunichukia una haki, nichukie. Baba yako hajui, usimtie kwenye hili.

Lakini kuna sehemu ambayo haikuwa ndani ya uwezo wangu. Nilitazama alikoelekea yule wa mwisho kuwafuata wenzake. Alipita juu ya mlima akateremka upande wa pili, kwenye kile kidimbwi walichohamia mwaka ule moto ulipounguza bonde lote. Tuliowafuata siku zile tulikuwa wawili, mimi na wewe, unanivuta khanga kwa woga wa giza. Hakuna mtu mwingine kijijini anayejua kwamba wanalala kule. Mimi hata wanipige hawatanitoa neno.

Kesho yule bwana atasimama kwenye majani matupu, atakuuliza, "Wamekwenda wapi?" Nami nitakuwa nimesimama hapo kando ya lori, nimekuletea chakula chako cha njiani. Vyovyote utakavyomjibu chakula nitakupa, kwa sababu ni mimi niliyekuzaa. Lakini nitakuwa nimesikia.

Mama yako